Wakwe, Pikapu na Safari ya Kutazama Makorongo

Jamani, leo sina uso.

Nawaandikia barua moja nyote wanne, msomeane hapo Morogoro, maana mikono imejaa malengelenge na siwezi kuandika mara nne. Nipo kijiji cha Mbingu, nyuma ya nyumba ya watu, nimejificha. Nitaeleza kwa mpangilio. (Mnanijua. Bila mpangilio siwezi hata kulia.)

Mnakumbuka ile barua ya posa tuliyopeleka kwa kina Skola baada ya Pasaka. Tangu siku ile, kimya. Kila nikimtuma mshenga anarudi na jibu lile lile, kwamba Mzee Kasiani bado anafikiri. Mzee Kasiani ndiye baba yake Skola. Amestaafu mwaka jana kazi ya kiwandani, kule kwenye sukari, na sasa ana muda wote wa dunia wa kufikiri. Mimi sina. Nimekonda, mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Wiki iliyopita akaniita mwenyewe. Anajua mjomba wangu ana pikapu ya kubebea mpunga, na anajua huwa naiendesha. Akasema anataka kumtembeza mkewe. Haendi hospitali wala msibani. Anataka kutembea tu, watoke Ifakara wafuate barabara ya Mlimba mpaka kwao Mbingu, polepole, milima ya Udzungwa upande wa kulia, bonde upande wa kushoto, na wasimame kwenye kila korongo watazame. Alimwahidi mkewe safari hiyo tangu siku walipofunga ndoa.

"Sasa ni kipupwe, barabara imekauka," akasema. "Utupeleke. Tukifika Mbingu nitakaa na ndugu zangu, na jibu lako utalipata hapo hapo."

Tangu siku ile sikupata usingizi wa maana. Nikanunua daftari.

Mimi, kama mjuavyo, ni fundi redio wa kujifunza mwenyewe, na dereva wa kujifunza mwenyewe (leseni nimeipata mwezi wa nne, msiulize ilikuwa mara ya ngapi). Sasa nilitaka kuwa mkwe wa kujifunza mwenyewe. Nimekulia kambini kwenye mashamba ya miwa, watu wa kila mkoa, kila mlango na mila yake. Za kina Skola hakuna aliyenifundisha. Nilizikusanya kwa kuuliza huku na huku na kuziandika, moja moja, kwa namba. Namba moja: mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Namba mbili: hali chakula mbele yake. Namba tatu: hazungumzi naye moja kwa moja mpaka azoewe. Namba saba, niliyoipigia mstari mara mbili: kwenye msiba wa ukweni, mkwe wa kweli haulizi wala hasubiri kutumwa. Anashika jembe.

Namba saba niiacheni hapo kwanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa kiti. Kiti cha mbele cha pikapu ni kimoja, kirefu. Nilipendekeza mzee akae katikati. Mama Skola akamwambia mumewe, nami nimesimama hapo hapo nikitazama viatu vyangu, kwamba yeye hawezi kukaa kiti kimoja na mkwe hata kama katikati wangewekewa mlima. Atakaa nyuma. Basi nyuma nikatandika godoro la sufi, juu yake shuka jeupe. Shuka nililifua mara mbili na kulipiga pasi.

Tuliondoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito na baridi kali. Mzee alikaa mbele nami, amevaa koti lake refu. Nikawasha taa. Taa zile nilizifunga mwenyewe wiki hii hii, waya kwa waya, na nilijisifu kimoyomoyo zilivyomulika. Nikaingiza gia ya pili na humo nikabaki.

"Gari hili lina gia ngapi?" mzee akauliza baada ya kuvuka mto Lumemo.

"Nne, baba."

"Hizo nyingine zinauzwa?"

Nikacheka kwa heshima. Jasho likanitoka kwenye baridi ile.

Tulipopita Idete mgongo wa mzee ukagoma. Akaomba akajinyooshe nyuma kwenye godoro na mkewe. Upepo ulikuwa baridi na vumbi lilishaanza kupanda, kwa hiyo mama akachukua shuka akamfunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Yeye akakaa kichwani pake, amejitanda kanga. Nikawatazama kwenye kioo, nikaona wamekaa vizuri. Nikaandika kwenye daftari: wakwe wametulia.

(Nyamazeni. Najua. Sasa najua.)

Niseme ukweli, mwanzo ilikuwa safari nzuri. Tukifikia korongo, mama anagonga paa mara mbili, nasimama, mzee anafunua shuka, anakaa, wanatazama. Kuna moja ambalo maji yake yanashuka meupe kati ya miamba miwili, mbali kabisa juu, na ukungu ulikuwa unapanda polepole kama pazia linalovutwa. Mzee akamwonyesha mkewe mahali alipokuwa akienda na baba yake kufuata asali. Mama akasema tangu aolewe hajawahi kupanda gari ila ndani yake kuna mgonjwa au maiti.

"Na leo je?" mzee akamuuliza.

"Leo sijui hata nikaeje."

Niligeuza uso nikajifanya natazama tairi. Nilitaka mno kuwa mtoto wa watu wale.

Jua lilipotoka nikazima taa. Hazikuzimika. Nikabonyeza swichi, nikaipiga, nikaibembeleza. Kufungua waya mbele ya mkwe kungekuwa kukiri kwamba nimezifunga vibaya, basi nikaziacha ziwake. Kisha nikaona jua linampiga mama. Nikasimamisha gari, nikakata matawi mabichi yenye majani mengi, nikayafunga pande zote mbili za bodi ili awe na kivuli. Niliyapanga yalingane, kulia sita, kushoto sita.

Kuanzia hapo watu wakaanza kutuheshimu.

Wa kwanza alikuwa mtu na baiskeli yake, magunia mawili ya mkaa nyuma. Alituona, akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya barabara mpaka tukapita. Nikasema moyoni, huyu kalelewa vizuri. Wa pili akafanya vile vile. Mbele kidogo akina mama waliokuwa wakianika mpunga wakaacha reki zao na kusimama. Watoto wa shule wakajipanga mstari, kimya. Watoto wa shule, kimya! Nilianza kuamini kwamba gari likiendeshwa kwa utaratibu watu huliona tofauti. Nikanyoosha mgongo. Nikapunguza mwendo zaidi.

Basi la Mlimba lilitufikia nyuma na halikupiga honi hata mara moja. Barabara ilipopanuka likaja ubavuni taratibu. Abiria walichungulia nyuma ya pikapu, nikaona mama mmoja anafanya ishara ya msalaba. (Nikadhani anaogopa mashimo.) Kondakta akainamia dirisha langu akauliza ninambeba nani.

"Mzee Kasiani," nikajibu. "Nampeleka kwao, kwa mdogo wake Fidelis, pale Mbingu."

Akatikisa kichwa. "Sisi tunatangulia. Tutawaambia."

Nikamshukuru sana. Nikaona watu wema, wataenda kusema wageni wako njiani, na maji ya chai yatabandikwa mapema.

Tulipokaribia Mbingu tukavuka kijito. Mama akagonga paa. Mzee akashuka, akajinyoosha, akasema mgongo umepona. Pale kuna njia ya miguu inayokatiza kwenye mashamba waliyokuwa wakilima zamani, alitaka kuipita peke yake, na tutakutana nyumbani kwa mdogo wake. Sisi tutangulie na gari.

Hapo sasa nikaona nafasi ya kuonyesha ustaarabu wangu. Huwezi kufika ukweni na godoro limetawanyika nyuma ya gari. Nikalivingirisha kwa urefu, nikalifunga kamba mahali patatu, juu, katikati na chini, nikalifunika shuka jeupe na kulichomekea pande zote mpaka pakawa hakuna kunjo hata moja. Mama akakaa kando yake, akaliwekea mkono lisirukeruke.

Tukaingia kwa Baba Mdogo Fidelis. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Viti vya mbao vimepangwa, moto umekokwa, na mara tu walipotuona wanawake wakaangua kilio.

Nikajua kuna aliyefariki. Mama Skola naye akajua hivyo hivyo, na wote wawili tukamfikiria mtu mmoja: Shangazi Regina, dada mkubwa wa mzee, ambaye barua ya mwezi uliopita ilisema anaumwa. Ndiye hasa tuliyetaka kumsalimia. Mama akajifunika kanga akalia kutoka chini kabisa ya kifua. Wanawake wakamkumbatia, wakamshusha, wakazidi kulia, naye akazidi. Walikuwa wanamlilia yeye, naye anawalilia wao. Mimi nisingeweza kumuuliza lolote, namba tatu.

Wanaume sita wakaja nyuma ya gari. Waliinua godoro langu kwa upole usio wa kawaida na kulipeleka ndani. Nikaona jinsi familia hii ilivyo na adabu hata kwa mizigo ya wageni. (Nimeambiwa baadaye kwamba mmoja alimnong'oneza mwenzake kuwa maradhi yamemmaliza mzee, amekuwa mwepesi mno. Mwenzake akamjibu kwamba bora amepumzika.)

Hapo ndipo namba saba ikaniwakia kichwani kama taa za pikapu. Mkwe wa kweli hasubiri kutumwa. Jibu la posa lilikuwa linatoka siku ile, kwenye nyumba ile, mbele ya watu wale. Nilikwenda kwa Baba Mdogo Fidelis, nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye kijana aliyeleta posa kwa Skola, na naomba jembe.

Alinitazama, macho mekundu. Akaniwekea mkono begani.

"Umeendesha gari peke yako mpaka hapa," akasema. "Umefanya kazi ya mtoto wa kiume. Jembe lile pale."

Mtoto wa kiume! Ningechimba mpaka upande wa pili wa dunia.

Vijana walikuwa wamekwishaanza, shimo limefika magotini. Kazi yao haikuniridhisha, kingo zilikuwa zimepinda. Nikaomba kamba na vijiti vinne, nikapima upya kona zote. Mtani wao mmoja, mzee mwenye meno machache na maneno mengi, alikuwa amekaa kwenye lundo la udongo akinitania. Akauliza kama najenga nyumba ya kupangisha. Akauliza mlango nitauweka wapi. Mimi kimya, nachimba. Nilipouliza marehemu alikuwa na urefu gani akasema nimpime Baba Mdogo, wanalingana. Nikampima kweli. Alisimama wima, maskini, machozi yanamtoka, na mimi nashika kamba.

Tulichimba kwa zamu, lakini zamu yangu sikuitoa. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Shimo likafika kifuani. Nilikuwa nalainisha ukuta wa upande wa kichwani kwa kiganja, nimewapa mgongo wenzangu, niliposikia majembe yanaanguka. Kisha miguu inakimbia. Kisha mtani, ambaye hakuwa amenyamaza tangu nifike, akanyamaza.

"Deo."

Sauti naijua. Nikageuka. Mzee Kasiani alikuwa amesimama ukingoni, kipande cha muwa mkononi, anatafuna.

"Naam, baba."

"Unafanya nini humo?"

"Nachimba kaburi, baba."

"La nani?"

Nikajikaza. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya pole tangu shimo lilipofika kiunoni. "La Shangazi Regina, baba. Mungu ampumzishe."

Mzee akaacha kutafuna. Akatazama kando yake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa na Shangazi Regina alikuwa anakuja kwa fimbo, mnene, mzima, shuka langu jeupe limening'inia mkononi. Akafika ukingoni. Akanitazama. Nikamtazama. Sikujua sheria gani inatumika hapo, daftari halikuwa na namba yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema, akamgeukia kaka yake kumtazama vizuri, akamminya mkono kama anayechagua ndizi. "Mimi niliambiwa ni la huyu."

Ndani ya nyumba kilio kilikuwa kimekatika ghafla. Mama Skola alikuwa amemwona wifi yake akipita mbele yake akiwa hai, ameuliza sasa tunamlilia nani, na shangazi akalivuta shuka akatoka nalo. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, taratibu kabisa, "Hili ni godoro."

Sitawaeleza dakika zilizofuata. Kwanza watu waliogopa, kisha walimgusa gusa mzee, kisha wakataka kujua ni nani alisema amekufa. Ikafuatiliwa. Basi limesema. Basi limeambiwa na nani? Na dereva. Dereva gani? Wote wakanigeukia, nami bado nimo kaburini, maana kuta nilizinyoosha mno na hapakuwa na pa kukanyagia. Mtani ndiye aliyenivuta. Akasema katika maisha yake ameona wakwe wakiomba mke, wengine wakiiba, ila wa kumzika kwanza baba wa mke ili posa isipingwe, leo ndiyo mara ya kwanza, labda ndiyo mambo ya vyama vingi.

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Kasiani hakucheka. Alizunguka shimo mara mbili, polepole, akiinama kutazama kona. Mimi nilisimama na mikono nyuma, damu na udongo, nikihesabu safari ya kurudi kwa mshenga, nikimwona Skola akiolewa na karani fulani mwenye mikono laini.

Wazee wakasema kaburi lililofunguliwa halifungwi tupu, ni mkosi. Pakakatwa mgomba, ukafungwa mkeka, ukateremshwa. Mtani akatoa wasifu wa mgomba. Wakanipa jembe nifukie, peke yangu. Mzee aliomba kiti, akakaa kutazama akizikwa.

Nilipomaliza akaniita mbele ya ndugu zake wote.

"Ulijuaje kwamba ni dada yangu?"

"Sikujua, baba. Nilikisia."

"Kwa nini hukuuliza?"

Nikafikiria kudanganya. Nilichoka. Nikamwambia nimeandika kwenye daftari kwamba mkwe wa kweli haulizi, kwamba nimeogopa kukosea tangu Pasaka, kwamba taa nilizifunga vibaya na nilijua, kwamba naendesha gia ya pili kwa sababu ya tatu inanitisha, na kwamba namtaka Skola. Yote hayo kwa pumzi moja. Mama mkwe alikuwepo, akasikia kila neno.

Baba Mdogo akakohoa. Aliyezungumza ni Shangazi Regina.

"Mnafikiri nini tena?" akasema. "Tumempa jembe, amechimba, amefukia, hakuuliza. Hapa kwetu kaburi la baba mkwe anachimba nani? Jirani?"

Wakatazamana. Fidelis alinyanyua mabega, kwamba jembe kweli alitoa yeye. Mzee Kasiani akatema kapi la muwa, akafikiri, kwa kasi yake ile ile, nami nikafa na kufufuka mara tatu.

"Posa nimepokea," akasema mwishoni. "Ila kurudi Ifakara mimi na mama tutapanda treni."

Ndiyo hali ilivyo. Kijana ametumwa stesheni aombe Ifakara wapigiwe, Skola aambiwe baba yake ni mzima kabla basi halijarudi kesho na habari zake. Mzee analala chumbani. Kila akipita mtu anafungua mlango kuhakikisha anapumua, naye anawafukuza akiwaita Deo.

Najua mtacheka. Chekeni huko huko leo, mmalize kabisa, ili siku ya harusi mniite bwana harusi na si mchimba kaburi. Na kwenye hotuba zenu, naomba kwa magoti, pikapu isitajwe.